Kuku 200, mabibo na funza lishe: nianze au niache?

"Mtaalamu, habari za kazi. Nafuga kuku chotara wa mayai 200 hapa Masasi. Chakula kinanimaliza, hasa dagaa, maana kutoka ziwani mpaka kufika huku bei yake ni ya safari tupu. Mwezi uliopita alipita kijana akatuonyesha kwenye simu ufugaji wa funza lishe. Anauza mbegu, anatoa mafunzo ya siku moja, na anasema atanunua funza wote nitakaovuna. Mabibo huku yanaoza chini ya mikorosho msimu mzima, nikaona ndiyo chakula cha kuwapa. Ila mama mkwe amekataa katakata, anasema nitaleta nzi na kipindupindu nyumbani. Jirani naye anasema serikali haijaruhusu, tena kuku aliyelishwa funza si halali. Nimesikia pia Ulaya wanakula wadudu, je, soko la kuuza nje lipo? Nianze au niache?"

Dada, asante kwa kuandika kwa kirefu, maana swali lenye maelezo humrahisishia kazi anayejibu. Nilivyokuelewa, unatafuta cha kuziba pengo la dagaa, umeonyeshwa njia, lakini hujui kama ni salama nyumbani, kama inakubalika kisheria na kidini, na kama ina pesa. Msimamo wangu nautanguliza usije ukachoka kabla hujaufikia. Anza, lakini anza kwa ajili ya kuku wako mwenyewe, na mbegu ya huyo kijana usiinunue. Funza wa kulisha banda lako hawana ugomvi na mtu. Sheria inabisha hodi siku unapobeba taka za wengine na siku unapowauzia wengine.

Nianze na mama mkwe, kwa sababu bila ridhaa yake hata ndoo ya kwanza haitakaa uani. Hofu yake ina msingi. Nzi wa nyumbani anatoka chooni anakuja kutua kwenye ugali, na kuhara kunasambaa hivyo. Ila funza lishe ni watoto wa nzi mwingine kabisa. Jina lake la kitaalamu ni Hermetia illucens, na wengi wanamwita nzi askari mweusi. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni nyigu: mweusi, mwembamba, hana haraka, miguu yake ina sehemu nyeupe chini, na karibu na kiuno ana vidirisha viwili vinavyopitisha mwanga. Haumi. Akishakuwa mkubwa hatafuti chakula cha watu. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea tumboni alipokuwa funza, anakunywa maji, anapandana, jike anataga, anakufa. Yote hayo huisha ndani ya wiki moja hivi. Jikoni kwako hana shughuli. Hata mayai yake hatagi juu ya uozo wenyewe, anayaweka kwenye upenyo mkavu jirani na uozo, ili vitoto vikianguliwa vijidondoshe chini kwenye chakula.

Lakini mweleze mama ukweli wote, usimpe nusu. Ukirundika chakula kuliko funza wanavyoweza kukimaliza, au ukiacha maji yatuame kwenye beseni, nzi wa nyumbani watakuja, na hapo yeye atakuwa ameshinda kesi. Pale funza lishe wanapokuwa wengi na chakula kinaliwa kikaisha, nzi wa nyumbani hupungua, kwa kuwa hawapendi kutaga mahali palipokwisha kukaliwa. Kuwatofautisha si kazi: funza wa nzi wa nyumbani ni mweupe, laini, mwembamba upande wa kichwa, na ndani ya wiki anageuka pupa, yaani anajifunga ndani ya gamba kabla ya kuwa nzi. Funza lishe ni bapa, ngozi yake ngumu kidogo ukimbinya, anakua mpaka kufikia sentimita mbili, na akikomaa anageuka kahawia kisha mweusi. Wewe weka mabeseni mbali na jiko na kisima, upande ambao upepo hauingii ndani, kisha mwalike mama akague mwenyewe kila asubuhi. Atakuwa msimamizi bora kuliko mimi.

Kuhusu uhalali, mimi ni mtu wa lishe ya mifugo, si shekhe. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wanazuoni walishalizungumza suala la mnyama anayekula najisi, wanamwita jalala, na inayofahamika kwa kuku ni kumfungia siku tatu akila chakula safi kabla ya kuchinjwa. Kama funza wako wamekula maganda ya matunda na pumba, swali lenyewe linakuwa jepesi zaidi kuliko jirani anavyolichukulia, na kuku wa kienyeji tunaowala kila siku wanachakura funza jalalani bila kumwuliza mtu. Ila mwulize shekhe wa msikiti wenu, na mweleze sawasawa funza wanakula nini.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo video za kwenye simu zinaponyamaza.

Funza lishe akikaushwa vizuri ana protini kama asilimia 40 na kitu, na mafuta kati ya robo na theluthi ya uzito wake. Dagaa mzuri anamzidi protini, ila dagaa wa chakula cha kuku tunaouziwa wengi wana mchanga. Funza ana kalsiamu nyingi pia, jambo jema kwa kuku wa mayai, ingawa haikuondolei haja ya chokaa ya mifugo au maganda ya konokono. Tatizo ni kwamba funza mbichi theluthi mbili yake ni maji. Kilo tatu mbichi zinakupa kilo moja kavu.

Kuku wako mmoja anakula karibu gramu 120 kwa siku. Mimi humshauri anayeanza asimpe zaidi ya gramu 30 za funza mbichi, sawa na gramu 10 za funza kavu, maana mafuta yakizidi kuku ananenepa na mayai yanapungua. Kwa kuku 200 hiyo ni kilo sita za funza kila siku. Ili uvune kilo sita unahitaji taka kiasi gani? Ukiwa mzoefu, kilo 100 za taka laini zinaweza kukupa kilo 15 mpaka 20 za funza. Ukiwa mgeni wa kazi utashukuru ukipata 10. Kwa hiyo, ukienda vizuri, kilo 40 za taka kila siku. Ukienda vibaya, 60. Ndoo mbili au tatu kubwa, zikusanywe, zikatwekatwe, zichanganywe, zimwagwe, siku zote saba za wiki, Idi na Krismasi zikiwemo. Na faida yake kwa siku ni kilo mbili za funza kavu, yaani karibu kilo mbili za dagaa ambazo hukununua. Chukua bei ya dagaa ya hapo kwenu, zidisha, kisha jiulize kama hiyo pesa inalipa jasho la mtu anayebeba ndoo. Kwa wengi inalipa kama taka iko karibu na nyumba na kuna vijana wa kusaidia. Ukilazimika kukodi bodaboda kuifuata taka kila siku, hailipi.

Huenda ukaona nakukatisha tamaa. Nakuambia hivi kwa sababu niliyoyaona kwa wafugaji ni yale yale: funza wenyewe hawakuwashinda, walishindwa na ndoo.

Upande wa mbegu, kila siku unahitaji gramu moja hivi ya mayai. Ni kidogo mno, yanajaa ncha ya kijiko cha chai, lakini yanakaribia mayai 40,000. Jike mmoja anataga mara moja tu maishani, kama mayai 500 akiwa na afya. Yanaanguliwa baada ya siku nne hivi, vitoto vinakula kwa wiki mbili mpaka mbili na nusu, halafu vinaacha kula, vinageuka vyeusi na kuanza kupanda ukingo wa beseni kutafuta pakavu pa kulala. Hao wanaopanda ndio mbegu yako. Waache nusu kilo mpaka kilo moja katika kila kilo kumi, wengine wavune wakiwa bado weupe au rangi ya maziwa, maana wakishageuka weusi ngozi inakuwa ngumu kwa kuku kuimeng'enya.

Mbegu ya kwanza huhitaji kuinunua. Nzi huyu asili yake ni bara la Amerika, lakini leo amesambaa sehemu nyingi zenye joto duniani, na huku kwetu yupo. Chukua ndoo, weka mabibo yaliyoiva sana yaliyochanganywa na pumba za mahindi na maji kidogo, acha yachachuke, kisha juu yake ning'iniza vipande vya boksi lenye mikunjo ndani, visiguse uozo. Weka kivulini karibu na miti. Ndani ya wiki moja au mbili utaona vishada vya mayai ya rangi ya krimu ndani ya mikunjo. Novemba mpaka Machi, joto likiwa limechanganyika na unyevu, ndiyo wakati mzuri. Juni na Julai usiku unapopoa watakula polepole, na kiangazi kikali mayai hukauka yasipofunikwa gunia lenye unyevunyevu.

Hapa kuna kosa moja ambalo huku kusini linajirudia mno. Nzi wanahitaji kichumba cha neti kilichokaa mahali penye jua, kwa kuwa bila mwanga wa jua hawapandani. Mtu anachukua chandarua cha msaada alichopewa kliniki, anashona kichumba kizuri, anaingiza nzi, kesho yake wote wako chini miguu juu. Chandarua hicho kina dawa ya kuua wadudu, na nzi askari ni mdudu. Nunua kitambaa cha neti kisicho na dawa, kile cha mita wanachouza maduka ya vitambaa, na chandarua kibaki kitandani kwa watoto. Miguu ya meza ya mabeseni iweke ndani ya makopo yenye maji na oili chafu kidogo, la sivyo siafu na sisimizi watavuna kabla yako.

Kuhusu mabibo, wazo lako ni zuri kuliko unavyodhani, lakini lina masharti. Bibo lina uzito mara kadhaa kuliko korosho yake, na kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa mwaka linaoza bure kwenye mashamba ya Masasi, Newala, Tandahimba, mpaka Ruangwa na Liwale. Ila ni maji na sukari. Protini yake ndogo. Funza wakila mabibo matupu watakua taratibu na wataogelea. Changanya na pumba ya mahindi ili ikunywe maji, na mashudu ya ufuta kidogo kwa ajili ya protini. Kipimo ni mkono wako: kamua konzi ya mchanganyiko, yakidondoka matone mawili matatu iko sawa, yakichuruzika ongeza pumba. Makapi yanayobaki baada ya kukamua mabibo kwa ajili ya uraka, ile pombe yake, ni bora zaidi kuliko bibo zima, kwa sababu maji mengi yameshatoka. Tandaza mchanganyiko usizidi kina cha vidole vinne. Ukirundika, katikati joto linapanda, funza wanakimbia, na harufu inayotoka hapo ndiyo itakayomwita mama mkwe.

Sharti jingine ni dawa za mikorosho. Salfa ya ubwiri unga na dawa za wadudu zinapuliziwa miezi ya kabla ya mavuno, na dawa ya wadudu haijui kama huyu ni mbu wa mikorosho au ni funza wako. Okota mabibo ya shamba ambalo unajua lilipuliziwa nini na lini. Ukitilia shaka, weka funza wachache kwenye konzi ya mabibo hayo kwa siku moja. Wakifa au wakikimbia, yamwage. Maganda ya korosho yenyewe usiyaguse, mafuta yake yanaunguza. Na taka ya jalala lenye betri, karakana ya magari au majivu ya takataka mchanganyiko usiitumie hata kama ni bure, kwa sababu madini kama kadimiamu na risasi hubaki ndani ya mwili wa funza, yakapita kwenda kwa kuku na kwenye yai unalomkaangia mtoto.

Mabibo yakiisha Januari utafanyaje? Lijibu swali hili kabla ya kununua beseni la kwanza. Maembe yatakubeba wiki chache. Baada ya hapo kuna maganda ya muhogo, mboga zilizonyauka za sokoni, machicha ya nazi, machicha ya pombe. Mabaki ya mama lishe yapo, lakini hapo ndipo sheria na magonjwa yanapoingia. Utumbo na manyoya ya kuku usiwape funza watakaoliwa na kuku. Kirusi cha kideri hakisomi bango, kinaweza kuzunguka kupitia taka hiyo kikarudi bandani. Na wenye nguruwe, maana Masasi na Ndanda wapo, wasilishe funza waliokula mabaki yenye nyama ya nguruwe, kwa sababu ya homa ya nguruwe. Funza wa mbogamboga unaweza kuwapa kuku wakiwa hai. Wengine wote, na wale unaotaka kukausha, wachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili, kisha uwaanike mpaka wakatike kwa mlio ukiwavunja. Funza aliyekauka nusu, kwa hewa hii yetu ya kusini, anaota ukungu haraka na mafuta yake yanachacha.

Sasa hoja ya jirani kuwa serikali haijaruhusu. Imechanganya mambo.

Kufuga funza kwenye uani wako kwa kuku wako ni sehemu ya ufugaji wako, kama unavyoloweka pumba. Mwarifu afisa mifugo wa kata, siyo kwa sababu ya kibali, ila ili siku jirani akilalamika awe anajua kinachoendelea. Ukianza kutengeneza chakula cha mifugo cha kuuza, au kuuza funza kavu kama malighafi ya chakula hicho, unaingia kwenye Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo, namba 13 ya mwaka 2010, iliyo chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Inahusu usajili wa wanaotengeneza na kuuza vyakula vya mifugo, na ukaguzi wa ubora wake. Ukifungasha kwa jina la biashara, utakutana na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambao wana ofisi ya kanda Mtwara. Kwa mjasiriamali mdogo njia iliyozoeleka ni kupitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanakuandikia barua ya utambulisho na kukuelekeza. Hiyo ni juu ya leseni ya biashara ya halmashauri.

Taka nazo zina mwenyewe. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, taka ngumu za mji ni jukumu la serikali za mitaa, kwa hiyo ukitaka kuzoa taka za soko la Masasi, zungumza kwanza na afisa mazingira na afisa afya wa halmashauri. Kwa ndoo mbili kutoka kwa muuza mboga unayemjua hakuna atakayekusumbua. Ukifikia kukodi guta kila siku na kuwa na eneo la kuchakata, ni mradi, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wanaweza kukutaka ufanye tathmini ya mazingira. Hata yale mabaki meusi yanayobaki kwenye beseni, ambayo ni mbolea nzuri ya bustani, ukianza kuyauza kwa mifuko yanakuwa mbolea mbele ya sheria, na mbolea ina mamlaka yake, TFRA. Yatumie kwenye mchicha wako kwanza.

Wenzetu Kenya wameshaweka kiwango maalumu cha bidhaa za wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo, tangu mwaka 2017, na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Nairobi kimefanya kazi kubwa kwenye eneo hili. Kwetu pia wapo wanaofanya kwa ukubwa, kama kampuni ya Chanzi ya Arusha. Kwa hiyo hili si jambo la gizani.

Ulaya nayo inasimuliwa nusunusu. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ulizuia protini za wanyama kwenye chakula cha mifugo kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, na wadudu wakaingia kwenye zuio hilo. Mwaka 2017 wakaruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa, mwaka 2021 wakaruhusu kwa kuku na nguruwe. Lakini kwao mdudu anayefugwa anahesabiwa kama mfugo, kwa hiyo haruhusiwi kulishwa mabaki ya jikoni, nyama wala kinyesi. Funza aliyekula mabaki ya mama lishe hapo Masasi, hata awe mnene namna gani, hapiti mlango wao. Nchi anayotoka nayo lazima iwe imekubaliwa na kiwanda kiwe kimeidhinishwa. Chakula cha binadamu kina orodha yake: aina moja ya funza wa unga ilitangulia mwaka 2021, wakafuata nzige na nyenje. Nzi askari hayumo. Mwenye kutaka kula wadudu huku kwetu ana kumbikumbi wake, na Kagera wana senene, hakuna anayemzuia. Ila kuwafungasha na kuwauza ni kazi ya TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula. Na anayevimba midomo akila kamba au kaa asijaribu wadudu, mwili wake unaweza kuwaona kuwa ni kitu kilekile.

Tena usidhani wenye mitaji mikubwa wanatajirika kirahisi. Kampuni ya Ynsect ya Ufaransa, iliyokusanya mamia ya mamilioni ya dola na kujenga kiwanda kikubwa cha wadudu, ilikimbilia ulinzi wa mahakama mwaka 2024 kwa kushindwa kujiendesha. Gharama ya umeme, mashine na chakula cha wadudu iliwashinda, huku soya na unga wa samaki vikiendelea kuuzwa kwa bei ya chini kuliko wao. Wewe una joto la bure na mabibo ya bure, ndiyo nafuu yako, na nafuu hiyo inaishia pale unapoanza kusafirisha. Viwanda vikubwa vya chakula cha mifugo viko Dar es Salaam, na kutoka Masasi hadi huko ni zaidi ya kilomita 500. Funza mbichi hafiki huko. Mkavu anafika, lakini kiwanda kitataka tani, kitataka majibu ya maabara, na kitataka mzigo wa mwezi ujao ufanane na wa mwezi huu. Soko ambalo naliona kweli kwa mkulima wa huku ni jirani mwenye kuku 50, na wale walioanza mabwawa ya perege.

Ndiyo maana huyo kijana ananitia mashaka. Sisemi ni tapeli, simjui. Nasema mpango wa "nunua mbegu kwangu, nitanunua mazao yote" tuliuona kwenye kware: waliouza mayai ya kutotolesha walipata, waliobaki na mabanda yaliyojaa walikula kware mpaka wakachoka. Mwulize mambo machache: anampelekea nani huo mzigo, anachukua mbichi au mkavu, bei kwa kilo ni ngapi na inabadilika lini, na ananunua angalau kilo ngapi kwa mwezi. Aandike, asaini mbele ya mtendaji. Mwombe akupeleke kwa mtu aliyemuuzia mbegu mwaka jana, siyo mwezi jana. Mafunzo yake unaweza kulipia ukiona yanafaa, hilo halina ubaya.

Ningekuwa wewe ningeanza na mabeseni matatu Novemba hii, kwa mabibo ya shamba lako, niwalishe kuku 50 tu niliowatenga, na wale 150 waendelee na dagaa kama kawaida. Hesabu mayai ya makundi yote mawili kwa miezi miwili. Mayai yakipungua kwa wale 50, au yakawa na harufu ya uvundo ukiyakaanga, punguza funza kwa nusu uone.

Kabla ya kuuza hata kilo moja, peleka sampuli kwenye kituo cha TVLA, Wakala ya Maabara ya Veterinari, kilichopo Mtwara, na uwaulize kwanza kwa simu wanataka gramu ngapi na wanapima nini, ili usifunge safari bure. Beba funza kavu kutoka mavuno tofauti, si beseni moja zuri ulilolichagua, na uwaandikie walikula nini. Kwa mchanganyo wa chakula chenyewe, kutegemea umri wa kuku wako na unachopata hapo, wataalamu wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, kituo cha Naliendele, watakusaidia kuliko mimi ninayeandika bila kuona banda.

Na ikitokea kuku wanaharisha kijani, wanapinda shingo au wanakufa wawili watatu kwa siku moja, usikae kubishana na mama kama ni funza au siyo. Acha kuwapa funza, usiuze wala kuchinja yeyote, na mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mwonyeshe beseni pia, na mwambie bila kuficha kila kilichoingia humo.